Muulize Shangazi: Mteja mchuje, na wewe usichunguzike

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wazima wanaouza huduma ya ngono kwa miadi, wenyewe wakijiita eskoti, na nyingine kwa wanaowalipa na wanaowatakia mema. Majina tumeyaondoa na barua tumezifupisha. Sheria za kazi hii hutofautiana sana toka nchi hadi nchi, kwa hiyo hapa tunazungumzia usalama na siri tu. Ya mahakamani muulize wakili.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeingia kwenye kazi hii karibuni. Nina simu moja, jina la kazi ninalo, na kwenye picha za tangazo nimeziba uso. Je, inatosha kunificha kwa ndugu na majirani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitoshi, na kitakachokuponza kwanza si uso, ni namba ya simu. Namba unayotumia nyumbani imeshafungamana na jina lako kila mahali: kwenye mitandao, kwenye huduma za pesa, kwenye simu za marafiki walioihifadhi kwa jina lako kamili. Mteja akiihifadhi kisha akaruhusu programu fulani isome orodha yake ya majina, programu hiyo inajua mnafahamiana. Mwaka 2017 mwandishi Kashmir Hill aliandika kwenye Gizmodo jinsi Facebook ilivyowapendekezea wafanyakazi wa ngono wateja wao kuwa ni “watu unaoweza kuwafahamu”, tena kwenye akaunti za majina yao halisi ambazo walikuwa wamezitenga kabisa na kazi.

Tafuta laini ya kazi na, ukiweza, simu yake ya pekee. Ya kawaida kabisa inatosha. Namba hiyo usiiandike kwenye akaunti yako binafsi hata mara moja, hata kama namba ya akiba ya kurejeshea nywila. Barua pepe ya kazi iwe mpya pia. Kwenye simu zote mbili fungua mipangilio, nenda kwenye ruhusa za programu, na uzime ruhusa ya kusoma orodha ya majina. Badilisha na jina la simu yenyewe: ukiwasha Bluetooth au hotspoti, mtu aliye chumba kimoja nawe husoma “Simu ya Fulani”, na Fulani ndilo jina ulilopewa na wazazi.

Telegram ina mahali pawili pa kuficha namba, na wengi hugusa pa kwanza tu. Pa kwanza ni nani anaona namba yako, chagua hakuna. Pa pili ni nani anaweza kukupata kwa kutumia namba. Chagua walio kwenye orodha yako tu. Kumbuka pia kwamba mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafichwi kutoka mwisho hadi mwisho, yaani kampuni yenyewe ina uwezo wa kuyasoma. Ni yale ya siri tu. Signal, programu nyingine ya ujumbe, tangu 2024 hukuruhusu kuwasiliana kwa jina la mtumiaji bila kutoa namba, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuanzia kama wateja wako wako tayari kuiweka.

Laini ukitaka kuiacha, usiitupe hivi hivi. Kampuni za simu humpa mtu mwingine namba iliyolala. Huyo anaweza kufungua WhatsApp kwa namba ile ile, na wateja wako wakaendelea kumwandikia wakidhani ni wewe. Futa akaunti zote zilizofungwa na namba hiyo kwanza, ndipo uiache. Na tangu siku ya kwanza weka PIN ya uthibitisho wa hatua mbili.

Sasa picha. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake tarehe, aina ya simu na, kama kamera imeruhusiwa kujua mahali, nukta kamili ya ramani. WhatsApp huondoa sehemu kubwa ya taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama faili zinabaki. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera. Picha za zamani zipigie skrinishoti, utumie skrinishoti badala ya picha ya asili. Kuziba uso kunataka rangi nzito isiyopenya: ile kalamu ya kuangazia maandishi hupitisha, na mtu akiongeza mwangaza sura inarudi. Kukata picha nako kuna historia yake. Mwaka 2023 iligundulika hitilafu iliyoitwa aCropalypse kwenye simu za Google Pixel na kwenye programu ya skrinishoti ya Windows: sehemu iliyokatwa ilibaki ndani ya faili na ikaweza kurudishwa. Ilirekebishwa, lakini picha zilizokatwa kabla ya hapo hazikujirekebisha zenyewe. Ziondoe, upandishe mpya.

Tena uso si kitambulisho pekee. Chale, kovu, pazia, mpangilio wa vigae, mandhari ya dirishani: jirani anavijua kuliko unavyodhani. Kanuni yangu ni kwamba picha ya kazi na picha ya nyumbani zisikutane hata kwa nguo moja au kona moja ya chumba. Kila mwezi jitafute mwenyewe: Google Lens na TinEye hutafuta picha ile ile ilipowekwa, na PimEyes hutafuta sura.

SWALI: Shangazi, wanapiga simu wakitaka kuja baada ya nusu saa. Nikianza maswali wanakata. Nimuulize mteja nini bila kumfukuza?

JIBU: Wanaokata kwa sababu ya maswali, waache wakate, ndiyo kazi ya maswali hayo. Ila usiyaanzishe kwenye simu kwa kushtukiza. Yaandike kwenye tangazo: mteja mpya atoe taarifa siku moja kabla, na atahakikiwa. Asiye na nia njema husoma hapo na kwenda zake bila kukupotezea muda.

Akikuandikia, taka mambo haya kwa ujumbe mmoja: jina la kumwita, umri, namba anayotumia, alikoona tangazo, siku, muda atakaokaa, na mahali. Anayejibu mawili na kuruka mengine, muulize mara moja zaidi. Akiruka tena, basi. Kisha mzungumze kwa sauti, dakika mbili tatu. Maandishi humficha mlevi, humficha aliye na wenzake pembeni, na humficha anayesoma majibu kutoka mahali.

Itafute namba yake mtandaoni ndani ya alama za kunukuu, na uitafute kwa sura zote: ikiwa na msimbo wa nchi, bila msimbo, ikiwa na nafasi katikati. Ihifadhi kwenye simu ya kazi uone picha ya wasifu. Programu za kutambua mpigaji kama Truecaller zinasaidia, lakini zisikae kwenye simu yako binafsi: jina linaloonekana humo mara nyingi hutokana na jinsi watu walivyohifadhi namba, na hicho kinachomwanika yeye kinaweza kukuanika wewe.

Baada ya hapo taka uthibitisho mmoja wa kweli. Uwe umepita njia ambayo mteja hakuichagua. Hili ndilo ninalolirudia kwa kila anayeniandikia. Akisema anafanya kazi kampuni fulani na kukupa “namba ya ofisi”, hiyo usiipige. Aliyekupa anaweza kuwa amekaa na rafiki yake anayeipokea. Itafute namba ya kampuni mwenyewe, piga, omba kuunganishwa naye ukijitaja kwa jina lisilofichua lolote, na akipokea na kutaja neno mlilokubaliana, maliza. Akipendelea barua pepe ya kazini, soma yaliyo baada ya alama ya @ herufi kwa herufi, kisha mjibu kwenye anwani hiyo hiyo ukimpa tarakimu nne, akusomee kwa simu. Anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa, lakini mghushi hapokei jibu. Barua hizo zisiwe na neno zaidi ya “nathibitisha miadi ya Jumanne”, maana mwajiri ana uwezo wa kuzisoma.

Simu ya video ya dakika moja ni nzuri kuhakikisha sura inalingana na picha, mradi ukumbuke kwamba naye anaweza kukurekodi. Mwombe awashe kamera yake, wewe ya kwako ielekeze kwenye sehemu uliyokwisha kuionyesha kwenye tangazo tu.

Dalili za kukataa bila kuendelea: anauliza kama uko peke yako ndani; anataka jina lako halisi; anabishana juu ya kondomu; namba yake imefichwa; anabadilisha mahali saa moja kabla. Bei akiipigania kidogo si kosa kubwa. Akiipigania baada ya kukubali, mtu huyo atapigania na mengine mkiwa chumbani.

Na unapokataa, sema “samahani, sina nafasi”, ukomee hapo. Usimweleze hatua gani ilimwangusha. Ukimweleza, ataiziba hatua hiyo kabla ya kumwendea mwenzako. Haki ya kukataa haiishi ukishakubali, wala akishalipa. New Zealand imeiandika hivyo kwenye sheria yake ya mwaka 2003: mtu anaweza kusitisha hata pale alipokwisha kukubaliana na mteja.

SWALI: Mteja alinipa majina mawili ya wenzangu waliokwisha kumhudumia. Mmoja alimsifia mno. Baadaye niligundua hakuna mtu kama huyo. Nilikosea wapi?

JIBU: Ulipiga namba aliyokupa yeye. Huo ni mtego wa zamani: mtu anatengeneza tangazo la uongo, anaweka picha za kuokota, kisha anajidhamini mwenyewe. Wakati mwingine anatumia jina la eskoti wa kweli lenye namba isiyo yake.

Kila jina unalopewa litafutie tangazo wewe mwenyewe, utumie namba au barua pepe iliyo kwenye tangazo. Angalia tangazo lina umri gani. La wiki iliyopita, lisilo na chochote nyuma yake, halidhamini mtu. Picha zake zipitishe kwenye TinEye. Ukimpata mwenzio usimuulize “huyu ni mzuri?”, kwa sababu uzuri kila mtu ana wake. Muulize mlionana lini, ni mtu wa namna gani kwa umbo na umri, alitumia namba ipi, alilipa bila kuzungushana, aliheshimu kondomu na mipaka, aliondoka muda ulipokwisha. Maelezo ya umbo yasipofanana na aliyekuja mlangoni, mlango usifunguke. Udhamini wa zaidi ya mwaka mmoja mimi nauhesabu kuwa umechacha.

Nawe ukiulizwa kuhusu mteja, mjulishe mteja huyo kwanza. Mwenzio anapomjibu mtu asiyemfahamu, naye anatoa siri ya mtu.

Orodha ya wateja hatari iwepo, na ikae nje ya tovuti yoyote. Tarehe 6 Aprili 2018 serikali ya Marekani ilikamata Backpage, tovuti ya matangazo iliyotumiwa na wengi wa kazi hii, na siku tano baadaye ikatiwa saini FOSTA, sheria inayobebesha tovuti lawama kwa matangazo ya ukahaba. Wengi waliamka matangazo, mawasiliano na rekodi za kuchujia wateja vimetoweka kwa pamoja. Kwenye orodha andika namba, herufi za mwanzo za jina, umbo, na alichofanya. Mambo uliyoyaona, si uliyoyahisi. Kushirikishana orodha hizo kulianza Victoria, Australia, miaka ya 1980, na Uingereza ina shirika zima la kazi hiyo, National Ugly Mugs, tangu 2012. Kama kwenu kuna chama cha wafanyakazi wa ngono, waulize kama wanayo.

SWALI: Mimi ni mteja, Shangazi. Nimeoa, nina cheo, na dada niliyetaka kuonana naye anadai picha ya kitambulisho. Nitajuaje hatanitapeli?

JIBU: Ndoa yako si mada ya safu hii. Hofu yako ni ya haki, na ya kwake pia: anakwenda kujifungia chumbani na mwanamume asiyemjua. Anachohitaji ni kujua kwamba mtu fulani halisi anaweza kutafutwa pakitokea madhara. Hahitaji namba ya kitambulisho, wala anwani ya nyumbani, wala sahihi. Ziba hivyo, acha picha, jina na mwaka wa kuzaliwa, kisha andika juu ya picha, kwa herufi zinazokatiza sura: “kwa uhakiki wa miadi tu”, pamoja na tarehe. Picha hiyo ni vigumu kutumika kufungulia akaunti ya mtu. Tuma kwa mfumo wa kutazama mara moja, ukijua kwamba simu ya pili inaweza kuipiga. Mwulize pia atakaa nayo muda gani. Mwenye utaratibu atakujibu papo hapo: nafuta ukishaondoka salama. Akikosa jibu, mpe uthibitisho wa kazini badala yake.

Naelewa kwa nini mahali pengine wateja hukataa kabisa. Sweden ilifanya kununua ngono kuwa kosa mwaka 1999, Norway ikafuata 2009 na Ufaransa 2016. Mteja anayeogopa polisi hafichui jina, na mhudumu anabaki na dakika chache za kumpima. Hilo haliondoi haja yake ya kukujua. Ukishindwa kumpa chochote, usimlaumu akikataa.

SWALI: Shikamoo. Rafiki yangu ameniomba niwe mtu wake wa usalama. Nimekubali, lakini sijui nifanye nini hasa.

JIBU: Marahaba. Wengi hukubali bila kuuliza, ndiyo sababu utaratibu huu hushindwa: simu ya usalama haikupigwa, na aliyeachiwa jukumu akakaa saa mbili akijiuliza kama apige au ataharibu kazi ya mwenzie. Yaamueni yote kabla.

Akupe anwani kamili hadi namba ya chumba, namba ya mteja, jina alilotoa, saa ya kuanza na ya kumaliza. Akifika akuandikie, mteja ajue kwamba anaandika, asifiche. Washeni mahali mubashara kwenye WhatsApp: inatoa dakika 15, saa 1 au saa 8, basi chagueni saa 8, maana ya saa moja hukatika katikati ya miadi. Muda ukiisha asipoandika, subiri dakika 10, mpigie. Asipopokea, dakika 5 tena, piga mara ya pili. Kisha piga hotelini au mpigie mteja na umwambie wazi kwamba unamngoja rafiki yako. Hatua ya mwisho, yeye mwenyewe aiamue leo: polisi, majirani, au wenzake wawili waende. Katika nchi nyingine polisi ni hatari kwake kuliko mteja, hivyo usimwamulie.

Wekeni maneno mawili. Moja la salama na moja la hatari, yote ya kawaida: “umelisha paka?” na “mama amepiga?”. La hatari lisiwe “nisaidie” iliyojificha, kwa sababu anaweza kulazimishwa kuongea mbele ya mtu. Na kimya kisihesabiwe salama hata siku moja.

Simu yako iwe na chaji na sauti. Ukijua utalala, sema mapema atafute mwingine. Jihadhari pia na pesa: mahali pengine anayepokea sehemu ya mapato huhesabiwa anaishi kwa ukahaba wa mwingine, hata kama ni asante tu.

SWALI: Nitake malipo ya awali kabla ya miadi?

JIBU: Yanapunguza wapoteza muda, hayamchuji mtu hatari, mwenye nia mbaya hulipa vizuri kabisa. Angalia salio lako, usiamini ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia. Akituma zaidi ya mliyokubaliana na kudai umrudishie ziada, usirudishe kitu: malipo ya kadi hubatilishwa siku kadhaa baadaye, na ziada uliyotuma wewe haibatilishwi. Huduma nyingi za kutuma pesa humwonyesha mtumaji jina lililosajiliwa, kwa hiyo jijaribie mwenyewe kwa kiasi kidogo kutoka akaunti ya rafiki uone anaona nini. Kampuni nyingi za malipo pia zinakataza huduma za ngono kwenye masharti yao na zinaweza kuzuia pesa zote, basi usiache akiba humo.

SWALI: Mteja amejitolea kuniagizia gari la kunileta na kunirudisha. Si ukarimu huo?

JIBU: Aliyeagiza huona kwenye programu gari lilikokuchukua na lilikokushusha. Agiza mwenyewe, naye arudishe nauli. Shukia mtaa wa pili, si mlangoni.

SWALI: Mtu ananitishia kupeleka picha zangu kwa familia nisipolipa. Nimeshamlipa mara moja.

JIBU: Usilipe mara ya pili. Malipo ya kwanza yamemfundisha kwamba unalipa. Usibishane naye wala usimfungie kabla ya kupiga skrinishoti za kila kitu: namba, jina la akaunti, kiungo cha wasifu, tarehe, na mahali alipotaka pesa ipelekwe. Ndipo umfungie na kuripoti akaunti kwenye mtandao husika.

Kama ni picha za utupu au za faragha na una miaka 18 au zaidi, nenda StopNCII.org, huduma iliyoanzishwa 2021. Simu yako hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, kama alama ya kidole. Picha yenyewe haiondoki mikononi mwako. Alama hiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook na Instagram, nayo huitumia kuzuia picha hiyo isipandishwe. Ina mipaka miwili ya kujua: picha ikibadilishwa sana alama haifanani tena, na tovuti ambayo haikujiunga haizuiwi. Funga pia orodha ya marafiki kwenye akaunti yako binafsi, ya wanaokufuata na ya ndugu uliowataja, kwani anayekutishia anategemea orodha hiyo kuwapata.

Kuna ndugu mmoja unayemwamini zaidi? Mwambie wewe mwenyewe, leo, kwa maneno yako, umpe pia jina la akaunti inayotishia ili ujumbe ukimfikia aufute na akujulishe.

SWALI: Je, zawadi za wateja nizikatae?

JIBU: Pokea, zikague. Kifaa kidogo cha kufuatilia kama AirTag huingia kwenye mshono wa mkoba au tumbo la mwanasesere. Tangu Mei 2024 iPhone yenye iOS 17.5 na simu za Android kuanzia toleo la 6 zinaweza kukuonya kuhusu kifuatiliaji kisicho chako kinachosafiri nawe, mradi Bluetooth iwe imewashwa. Onyo likitokea usiende nyumbani. Simama mahali penye watu, ukichezeshe kifaa mlio ukione kilipo. Na zawadi za kununuliwa mtandaoni zisije kwenye anwani unayoishi: kwenye orodha za matakwa (zile za zawadi unazotamani, unazoziweka dukani mtandaoni), muuzaji wa nje anayeuza kupitia duka hilo anaweza kupata anwani, na risiti ya kufuatilia mzigo humwonyesha mnunuzi mji uliofika.